Bacula na draivu mbili za kanda: ya kulia ilisinzia wiki mbili

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Studio yetu ya video hapa Kijitonyama ina TB 38 za picha ghafi: harusi, makongamano, vipindi vya dini, na video za wasanii ambao wengine walishaacha muziki lakini bado wanapiga simu kutaka "ile ya mwanzo mwanzo". Zote zinahitaji bakapu, yaani nakala ya akiba, kwenye kanda za sumaku. Draivu ya LTO-6 (kizazi cha sita cha kanda za kuhifadhia data) ikiwa na afya yake inaandika MB 160 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: saa 66. Nafasi niliyonayo ni Ijumaa saa 12 jioni, wahariri wakizima mashine, mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi wakirudi. Hizo ni saa 62.

Kwa hiyo draivu ya pili haikuwa anasa. Nilimwambia bosi hivyo hivyo, akaguna, akatoa hela.

Tukaagiza maktaba ya kanda ya mtumba kutoka Dubai, HPE MSL2024, ina matundu 24 na draivu mbili za LTO-6, na roboti mdogo ndani anayechukua kanda na kuichomeka. Ilifika nzima. Kilichotusumbua ni kebo: muuzaji mmoja wa mjini alituuzia ya mini-SAS (SAS ni njia ya kuunganisha diski na draivu za kanda na seva) yenye kichwa kisichoingia kwenye kadi ya seva, na kuirudisha ikawa kesi ya wiki nzima. Ukinunua, nenda na kadi yako mkononi. Na kadi iwe ya SAS ya kawaida, ile ya RAID (ya kuunganisha diski nyingi ziwe kama moja) usiihangaikie kwa kazi hii.

Programu ya bakapu niliyochagua ni Bacula, toleo la bure. Ilianzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, ikatoka hadharani 2002, na kauli mbiu yake inasema huja usiku kunyonya uhai wa kompyuta zako. Jina limeunganisha bakapu na Dracula. Mtu akiipa programu yake jina la namna hiyo, ujue hana mpango wa kukubembeleza. Sasa nimeishi nayo miezi saba, na ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu mwenye draivu mbili au zaidi anayetaka zote zifanye kazi. Mwenye draivu moja ataifunga kwa siku mbili na hatanihitaji.

Wiki ya kwanza niliandika kazi moja: chukua folda kuu yote, peleka kwenye maktaba. Nikaiwasha Ijumaa, nikaenda zangu. Rafu yetu tuliiweka mgongo ukiangalia mlango wa kioo, kwa sababu ya hewa ya kiyoyozi, kwa hiyo anayepita koridoni anaziona taa za draivu zote mbili. Jumamosi usiku nilipita kuchungulia, nikamkuta mzee wetu wa ulinzi kasimama pale na kikombe cha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, lile dude la kulia limekufa?"

Halikufa. Lilikuwa halijapewa kazi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa mtu aniambie mapema: Bacula haigawi kazi moja kwenye draivu mbili. Kazi moja inashika draivu moja mpaka iishe, hata kama una draivu kumi zimekaa zinakutazama. Ukisoma kwamba inaweza kutumia draivu nyingi kwa pamoja, maana yake ni kazi nyingi kwa pamoja, kila moja na draivu yake. Kuukata mzigo ni juu yako.

Zipo programu zinazokata zenyewe. Amanda, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1991, ina kitu kinaitwa RAIT: ukiwa na draivu tatu, kila kipande cha data kinagawanywa kwenye mbili, ya tatu inabeba alama za kufidia kanda moja ikipotea. Ni akili kubwa. Lakini siku ya kurejesha nawe unatakiwa uwe na draivu mbili nzima za kusoma kwa pamoja. Mimi nimekaa mji ambao draivu ya LTO ikifa huendi kununua nyingine dukani kesho yake. Nataka kanda yoyote isomeke na draivu yoyote iliyobaki hai. Katika hilo Bacula inanifaa kuliko Amanda.

Wiki ya pili nikakata mzigo kazi nne: harusi, makongamano, vipindi, muziki. Nikaziwasha zote, moja ikaenda, tatu zikakaa foleni na ujumbe "is waiting on max Storage jobs", yaani hifadhi imefika kikomo cha kazi. Kuna kipimo kinaitwa `Maximum Concurrent Jobs`, yaani mwisho wa idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja, na hakipo mahali pamoja. Kipo kwenye Director (msimamizi wa kazi zote), kipo kwenye Client (mashine ya data), kipo kwenye Job (kazi yenyewe), kipo kwenye Storage (hifadhi), kisha kipo tena upande wa seva ya kanda na upande wa mashine inayochukuliwa data. Kwenye Storage kama hujagusa ni 1. Ukipandisha sehemu tano ukasahau ya sita, ile ya sita ndiyo inayotawala. Nilizunguka mafaili matatu ya konfigi (mipangilio ya programu) usiku huo, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kutoipa nyota tano. Kitu kimoja kisiwe na milango sita.

Nikarekebisha. Kazi zote nne zikaondoka kwa pamoja, na zote nne zikaingia kwenye draivu ya kushoto. Ya kulia ikaendelea kusinzia.

Sababu yake, baada ya kusoma, ina mantiki. Programu inapendelea kanda ambayo tayari imo ndani ya draivu kuliko kumsumbua roboti alete nyingine. Mpangilio huo unaitwa `Prefer Mounted Volumes`, na ukiuacha ulivyo ni "yes". Kanda ipo, ina nafasi, kwa nini tufungue nyingine? Kwa hiyo kazi nne zikaandika kanda moja, vipande vyao vimechanganyika kama abiria wa daladala ya Mbagala, wa huku na wa kule. Kuandika kuliisha. Kurejesha ndiko kulikonionyesha ubaya: nilijaribu kutoa harusi moja kwenye kanda zile, draivu ikawa inapita juu ya makongamano, vipindi na muziki kuitafuta. Nilichotegemea kwa dakika chache kilichukua sehemu nzuri ya asubuhi.

Wiki ya tatu nikasema basi, nikaweka `Prefer Mounted Volumes = no`. Nadhani kila mtu anapita hapa. Inafanya kazi, kwa saa kadhaa. Draivu zote mbili ziliwaka, mzee akanipa dole gumba. Kisha usiku kazi moja kwenye draivu ya kushoto ikataka kanda iliyokuwa ndani ya draivu ya kulia, na kazi ya kulia nayo ikawa inasubiri iliyo kushoto. Hakuna wa kupisha. Ni kama malori mawili kwenye daraja la njia moja. Asubuhi nilikuta kila kitu kimesimama na taa zinawaka vizuri tu, ambayo kwangu ni hali mbaya kuliko taa kuzimika.

Na aibu yangu ni kwamba mwongozo wa Bacula wenyewe umeandika. Pale pale wanapoueleza mpangilio huo wanasema hawashauri kuuweka "no", kwamba utaongeza kubadilishana kanda kati ya draivu na unaweza kuzifungisha kazi. Na mstari unaofuata wanatoa dawa: tumia makundi mbalimbali ya kanda. Nilikuwa nimesoma nusu ya aya. Mwongozo ni mrefu kweli, lakini siwezi kusema walinificha.

Dawa hiyo ndiyo ninayotumia mpaka leo. Kundi la kanda kwenye Bacula linaitwa Pool. Nimetengeneza mawili, nimeyaita Kushoto na Kulia, kila moja na kanda zake. Kazi ya kundi la Kulia hairuhusiwi kuandika kwenye kanda ya Kushoto hata kama ipo wazi mbele yake, kwa hiyo inalazimika kutafuta draivu nyingine na kuita kanda ya kwake. `Prefer Mounted Volumes` nimeirudisha "yes". Hakuna tena kugombania kanda, kwa sababu hakuna kanda yenye wenyewe wawili.

Kilichobaki ni kugawa mzigo uwe sawa, na hapa usigawe kwa idadi ya folda. Mara ya kwanza niliweka folda nne huku na nne huku, nikaona haki imetendeka. Upande wenye harusi ulikuwa na TB 26 na mwingine 12. Pima kwa `du -s`, amri inayotaja ukubwa wa folda, kisha panga kama unavyopanga mizigo kwenye punda, kilo kwa kilo. Sasa kila upande una kazi nne na karibu TB 19. Harusi nimezikata kwa miaka, maana hizo haziachi kuongezeka. Watu wa Dar wanaoana.

Hapo draivu zote zilikuwa na kazi, lakini mwendo ulikuwa wa konokono, na ningemaliza hapa kama nisingekuwa na masikio. Draivu ya LTO ikilishwa vizuri inatoa sauti moja tulivu, kama feni. Ikinyimwa data, kanda inasimama, inarudi nyuma kidogo, inaondoka tena, inasimama. Wenye kazi hii wanafananisha na kupiga kiwi viatu, kile kitambaa kinachokwenda na kurudi juu ya ncha ya kiatu. Ukisikia sauti ya kiwi kwenye chumba cha seva, kanda inachakaa na muda unakwisha. Ndani ya kasha la LTO-6 kuna mita 846 za kanda, na kuijaza kunahitaji ipite kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara 136 hata ukiilisha bila kukatiza. Kila kusimama kunaongeza safari juu ya hizo.

Nikapima. Ndani ya Bacula kuna kifaa kinaitwa `btape`, kina amri ya `speed` inayoandika kanda bila kupitia mtandao. Ilinipa karibu MB 157 kwa sekunde. Kazi halisi zilikuwa zinagawana kama 105 kwa draivu zote mbili. Basi: mtandao wetu ulikuwa wa gigabiti moja, ambao hata ukiukamua haufiki MB 125 kwa sekunde. Nilikuwa nimenunua draivu mbili za kunywa 320 nikaziwekea mrija wa soda. Tukaweka kadi za gigabiti 10 na kebo moja kutoka kwenye rafu ya diski moja kwa moja hadi seva ya kanda, bila swichi katikati. Ni fedha ambayo ilipaswa kutoka kabla ya draivu ya pili. Kama unaandika bajeti leo, panga kwa mpangilio huo.

Hata hivyo wahariri wana mafaili madogo madogo mengi, vijipicha na mafaili ya mradi, na hayo huwa hayatoki kwenye diski kwa mwendo wa kanda. Hapo ndipo Bacula inapokuwa na kitu kizuri kweli: `Spool Data = yes`. Data inatua kwanza kwenye diski ya haraka ya seva, ikijaa kiasi ulichosema inamwagwa kwenye kanda kwa mkupuo mmoja bila kusita. Nimeweka diski ya namna hiyo, NVMe ya TB 2, na kila kazi naipa GB 180. Kumwaga GB 180 ni kama dakika 19. Kazi moja inapomwaga, yenyewe haichoti kingine, inasubiri imalize kumwaga kwanza, lakini zile tatu za kundi lake zinaendelea kuchota. Ndiyo maana kazi nne kwa draivu na si moja. Faida ya pili ni kwamba vipande havichanganyiki tena kama daladala, vinakaa GB 180 za harusi, kisha GB 180 za muziki, na kurejesha kumekuwa kwa kiungwana.

Angalizo kwa anayefuata njia hii: NVMe inachakaa kwa kuandikwa. TB 38 kila wiki ni karibu TB 2,000 kwa mwaka, na nyingi za dukani haziahidi kiasi hicho. Mimi nachukua bakapu kamili Ijumaa ya kwanza ya mwezi tu, wiki nyingine nachukua yaliyobadilika.

Kuna mistari miwili mingine ya konfigi iliyonisaidia. `Maximum File Size` ukiiacha ni GB 1, maana yake kila GB 1 draivu inaweka alama na kutulia kidogo. Niliipandisha hadi GB 10. Ukubwa wa bloku (kipande kinachoandikwa kwa mara moja) nao unaongeza mwendo, ila uuguse kabla hujaandika kanda hata moja, kwa sababu kanda za zamani zinaweza kukataa kusomeka ukishabadilisha. Mimi sikuugusa.

Na usiamini kasha. Kasha la LTO-6 limeandikwa TB 6.25 kwa herufi kubwa, hiyo ni kama data yako inabanika mara mbili na nusu. Video imeshabanwa tayari, haina pa kubanwa. Hesabu TB 2.5, basi. Zangu ni kanda 16 kwa bakapu kamili, nane kila upande.

Sasa nisimulie usiku mbaya kuliko yote. Mwezi wa pili umeme ulikatika, UPS (betri ya akiba) ikaishiwa, seva ikazima na kuwaka. Nikaanzisha kazi. Roboti akachukua kanda, akaichomeka, nikasikia mlio wake kabisa. Bacula ikakaa inasubiri kanda. Nikamuuliza roboti kwa amri ya `mtx -f /dev/sg4 status`, na jibu likaja: draivu 0 imejaa, BK0003L6 imo. Nikauliza draivu ya `/dev/nst0`, jina ambalo seva inaipa draivu ya kwanza, ina nini kwa amri ya `mt`: tupu. Niliangalia mistari hiyo miwili kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mmoja anasema kanda imo, mwingine anasema haimo, na wote wanasema kweli. Seva ilipowaka iliziona draivu kwa mpangilio tofauti, nst0 ikawa ni ile ya kulia na nst1 ya kushoto, huku roboti akiendelea kuhesabu kama zamani. Bacula ilikuwa imesimama mlango wa chumba namba moja, mgeni kaingia namba mbili.

Usitumie nst0 na nst1 kwenye konfigi. Ndani ya `/dev/tape/by-id/` kila draivu ina jina lenye namba yake ya kiwandani, na hilo halibadiliki hata seva iwake mara mia. Chagua lile linaloishia na nst, kwa sababu lisilo na nst linarudisha kanda mwanzo kila likifungwa, na kazi inayofuata inaweza kuandika juu ya iliyopita. Kisha hakikisha `Drive Index` (namba ya draivu kwenye konfigi) ya kila draivu inalingana na jinsi roboti anavyohesabu: mwambie apakie kanda draivu 0, uone ipi imejaa. Dakika tano tu.

Nyota? Nne. Kazi yenyewe, yaani kuandika na kurejesha, sina neno. Nimerejesha mara tisa, mara zote faili limerudi lilivyo, na moja lilikuwa la dada mhariri aliyefuta mradi mzima wa kongamano siku moja kabla ya kukabidhi. Lebo za mistari zinasomwa vizuri, unaandika `label barcodes` na roboti anazipitia zote mwenyewe. Nyota moja naikata kwa ile milango sita, na kwa kuwa haikuambii kwamba draivu yako moja haina kazi. Kwake hilo si kosa, hakuna kilichoharibika. Ripoti ya Jumatatu ilikuwa inaniandikia OK wakati nusu ya mtambo wangu imelala.

Bakapu kamili ya mwezi huu niliianza saa 12 jioni kama kawaida. Kundi la Kushoto lilimaliza Jumapili saa 5 asubuhi, la Kulia saa 8 mchana. Jioni mzee akanipigia simu, hata salamu hakusubiri.

"Kijana, leo yamelala yote mawili."

"Yamemaliza, mzee."

"Aa. Basi na mimi nizime taa ya koridoni."

"Zima, mzee wangu."